Papa Véto na Mbweha wa Ganshoren

Miaka yote niliyoishi naye jengo moja sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Kwa wanakwaya wenzake wa parokia, na kwa wanawake wa Kivu waliokutana Jumamosi kusukana nywele jikoni kwa dada yangu, alikuwa Papa Véto, yaani baba daktari wa wanyama. Wabelgiji wa jengo walimwita Monsieur Véto, na nadhani baadhi yao waliamini ndilo jina la ukoo wake.

Alikuwa concierge wetu, mtunza jengo. Jengo lilikuwa Ganshoren, pembezoni mwa Brussels, ambako ukikohoa barabarani asubuhi pazia moja husogea. Lilikuwa na ghorofa nne na lifti ya watu watatu wembamba, na nyuma bustani ndefu iliyoishia kwenye uzio wa waya. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na kinamasi chenye matete, na huko ndiko walikotoka mbweha.

Kazi yake ilikuwa kufagia ngazi, kubadilisha taa zilizoungua, kutoa mifuko ya taka kabla gari halijapita, na kusikiliza malalamiko. Hiyo ya mwisho aliiweza kuliko zote. Alisimama na ufagio mkononi akiitikia "oui, Madame" kwa upole, mpaka Madame akachoka mwenyewe na kumwambia kwamba kwa kweli si jambo kubwa.

Kabla ya kumpa mtu mkono, alinawa, na hakunawa kama sisi. Alikunja shati mpaka juu ya viwiko, akasugua kucha moja moja, akasuuza, akaanza upya. Mfukoni mwa koti alikuwa na kipande cha sabuni ndani ya kiboksi cha plastiki. Kwenye harusi moja huko Koekelberg alifika mbele ya bibi harusi, akamtazama, akageuka akaenda chooni. Mstari mzima wa wageni ulisimama nyuma yake ukimngoja anawe. Dada yangu alisema hayo ni majivuno ya watu waliosoma sana, nami nikaamini.

Jambo lililotuchekesha ni kwamba daktari huyu wa wanyama aliogopa mbwa. Mtaani kwetu kulikuwa na bibi mwenye kimbwa cheupe kilichofungwa utepe kichwani, kiasi cha kuingia kwenye kikapu cha mkate. Papa Véto alikiona kwa mbali akavuka barabara. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Mbwa wa njiani simuogope," alinijibu. "Naogopaka mbwa iko na bwana mukubwa."

Nilidhani ni utani. Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, anayoyasema bila kutabasamu, nawe ukabaki hujui ucheke au unyamaze. Alisema woga ni chanjo ya maskini. Alisema nyama, yaani mnyama, haisemi uongo, ni muntu njo anaandikaka. Hilo la pili alilisema sana, na sisi tulilichukua kama mithali ya kwao.

Sijui mbweha walianza lini hasa. Kwanza tuliona mifuko ya taka imechanwa. Wapangaji walilaumu paka, kisha wanafunzi wa shule ya jirani, kisha, kwa sauti ya chini, wakatulaumu sisi wa ghorofa ya kwanza, kwa sababu mifupa ya kuku iliyosambaa barabarani ilikuwa yetu kweli. Papa Véto hakubishana na mtu. Jioni moja alinyunyiza unga wa ngano kwenye njia ya pembeni ya jengo. Asubuhi akapanda ngazi, akagonga kila mlango, akawaomba watu washuke. Walishuka na nguo zao za kulalia. Kwenye unga palikuwa na nyayo ndogo, moja mbele ya nyingine.

"Si paka, si mbwa," alituambia mimi na dada, baada ya kuwaeleza wengine kwa Kifaransa. "Tazama vile inatembea. Mustari moja, kama muntu iko pembeni ya shimo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyetutaja tena kuhusu taka. Dada yangu alimpelekea sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu, naye akairudisha imeoshwa, na ndani yake ameweka mapea matatu.

Jikoni kwa dada palizuka ubishi juu ya jina. Mmoja wetu alisema renard ya Kifaransa ni mbweha. Mwingine akasema mbweha ni yule wa kwetu mwenye mgongo mweusi, huyu mwekundu hajui anaitwaje. Palikuwa na msichana wa Kitanzania, mwanafunzi aliyekaa Etterbeek, ambaye alikuja kusukwa na kutusahihisha Kiswahili. Yeye alisema ni mbweha na kamusi inasema hivyo. Papa Véto alikuwa amekuja kutengeneza bomba. Tulipomuuliza, alisema kutoka chini ya sinki kwamba tumuite tunavyopenda, kwa maana yeye mwenyewe hataitika.

Siku nyingine kijana mmoja wa kwaya alisema kwa mzaha kwamba wale mbweha ni ndugu zetu: wamepita chini ya waya, hawana kibali, wanakula mabaki ya Wabelgiji. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu wakati ule ombi langu la ukimbizi lilikuwa halijajibiwa na kila barua iliyoingia kwenye sanduku niliigeuza mara tatu kabla ya kuifungua. Papa Véto hakucheka.

"Mbweha haikukimbia kintu," alisema. "Ilifuata chakula, njo vile tu. Mimi nilikimbia bantu. Usituchanganye."

Akaendelea na kazi yake. Yule kijana hakurudia tena mzaha huo mbele yake.

Hata hivyo, alizungumza nao hao mbweha. Asubuhi akitoa mifuko nilimsikia kutoka dirishani akimkemea jike mmoja mwenye mkia uliokatika ncha, kwa Kiswahili, kama anavyokemewa mtoto wa jirani: wewe tena, ya jana haikukutosha? Mbweha alimtazama, na Papa Véto alibaki hatua kumi kutoka kwake, hakuzipunguza kamwe. Alitufundisha wote hizo hatua kumi. Dada yangu alikuwa akisema kwamba nyama ya porini inayoingia kwa watu mchana ina mambo, imetumwa. Nilitarajia Papa Véto amcheke. Badala yake alimwambia kwamba wazee waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Nyama ya porini isiyoogopa watu ni ya kutazamwa vizuri, maana kuna ile iliyotuzoea, na kuna ile iliyougua. Aliyetuzoea huangalia mikono yako kama ina chakula. Mgonjwa haangalii kitu. Mdomo unalegea, miguu ya nyuma inayumba, na anakuja moja kwa moja.

Aliijua kazi hiyo. Alisema waziwazi kwamba huko Kivu alipita vijijini akichanja mbwa dhidi ya kichaa, kwa baiskeli, na sanduku la barafu limefungwa nyuma. Barafu iliyeyuka njiani, na alipofika kijiji cha tatu chanjo ilikuwa na joto kama chai. Ndiyo maana habari aliyoisoma gazetini hapa Ubelgiji ilimshika moyo. Kusini mwa nchi, kwenye misitu ya Ardennes, ambako mbweha walikuwa na ugonjwa ule, serikali ilidondosha chambo chenye chanjo kutoka kwenye helikopta. Mbweha anaokota, anakula, amechanjwa. Aliisimulia habari hiyo kwa kila mtu, hata kwa padri. Alisema hapa chanjo inaanguka toka juu kama mana, na kule yeye alisukuma baiskeli kwenye matope siku mbili ili awafikie mbwa kumi na wawili. Hakuisema kwa wivu. Aliisema kama mtu aliyeona mlima ambao hakujua upo.

Alitoa msaada kwa kila njia ila moja. Angekubebea kabati mpaka ghorofa ya nne, angekaa na mgonjwa wako, angekusindikiza ofisini akasimama nawe kwenye foleni mvua ikinyesha. Lakini hakutia sahihi. Watu wetu wa miaka ile waliishi kwa karatasi: ushahidi kwamba fulani alikaa mahali fulani, kwamba huyu ni mke wa yule, kwamba mtoto alizaliwa kabla ya vita. Walihitaji mtu mzima mwenye heshima wa kuandika chini kwamba anathibitisha. Walimwendea Papa Véto, naye akakataa, hata pale jambo lilipokuwa la kweli na yeye analijua. Mimi mwenyewe nilimwomba athibitishe kwamba alimfahamu marehemu baba yangu. Alimfahamu. Alinisimulia hata kofia aliyokuwa akivaa. Lakini karatasi aliirudisha mezani kwa ncha ya kidole.

"Nitakuja na weye, nitasema na kinywa," aliniambia. "Kuandika, hapana."

Nilikasirika, nikaacha kumsalimia kwa karibu mwezi mzima. Yeye aliendelea kunisalimia.

Basi ikaja masika ambayo jike yule wa mkia mfupi alizaa chini ya kibanda cha zana, mwisho wa bustani. Watoto walikuwa wanne. Kulipokucha walitoka na kugaragazana kwenye nyasi, na wapangaji walisimama madirishani na vikombe vya kahawa. Jengo liligawanyika. Mstaafu mmoja wa ghorofa ya tatu alisema wataleta ugonjwa na akataka sumu iwekwe. Madame wa ghorofa ya chini, mjane mwenye paka na kitalu cha stroberi alichokifunika wavu kuzuia ndege, alisema atakayeweka sumu ataanza na yeye. Ukaitishwa mkutano wa wapangaji kwenye ukumbi wa chini, na Papa Véto akaombwa aseme kama mtaalamu.

Alisimama, mikono nyuma. Alisema sumu haijui jina la mtu, italiwa na paka, na mtoto anaweza kuiokota. Alisema tununue mapipa yenye vifuniko, tuzibe chini ya kibanda wakishaondoka, na kila mtu akae hatua kumi. Watu wengi walitikisa vichwa kukubali. Ndipo Madame, kwa furaha, akasukuma karatasi mbele yake. Alitaka yaandikwe maneno mawili tu: kwamba yeye, daktari wa wanyama, amewaona mbweha hawa na hawana ugonjwa, na sahihi. Hapo mabishano yangekwisha.

Papa Véto aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema hawezi. Madame aliuliza kama anadhani wagonjwa. Akajibu hadhani hivyo. Sasa kwa nini? Akasema tena kwamba hawezi. Mstaafu wa ghorofa ya tatu akacheka, na Madame akaenda kwake bila kumuaga. Siku tatu hakumfungulia mlango, ingawa hapo nyuma, paka wake alipokuwa haendi haja, alimwita yeye usiku na mchana.

Jumamosi iliyofuata nilishuka bustanini kuanika mashuka. Nikasikia sauti kama ya mtoto mchanga mwenye mafua. Mmoja wa wale wanne alikuwa amenaswa kwenye wavu wa stroberi. Alikuwa amejizungusha mpaka kamba zimemkaba shingo, ulimi nje. Nilijua habari ya hatua kumi. Lakini alikuwa mdogo, ukubwa wa kiatu, na alikuwa anakufa mbele yangu. Nilipiga magoti, nikaanza kukata wavu kwa kisu cha jikoni. Kamba ya mwisho ilipokatika alinigeukia, akaniuma mkono wa kushoto chini ya kidole gumba, akakimbilia kibandani. Vijitundu viwili tu, na damu kidogo.

Papa Véto alikuwa anakuja na ndoo. Alimwona mbweha akikimbia, akauona mkono wangu. Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Alinikamata kifundo cha mkono, akanivuta mpaka kwenye bomba la bustani, akanisugua kidonda kwa sabuni yake, dakika nyingi, kwa nguvu, maji ya baridi yakitulowesha wote wawili. Nilimwambia ananiumiza. Hakunisikia. Aliponiacha, alisema twende hospitali.

Nilikataa. Nilimwambia ni mchubuko, na yeye mwenyewe amesema mkutanoni kwamba hawa si wagonjwa. Nikamwambia ukweli wenyewe pia, kwamba naogopa hospitali, naogopa kuandikwa, kwamba mtu anayesubiri jibu hafanyi jambo la kumfanya ofisi imkumbuke.

"Karatasi inangojaka," alisema. "Ile ugonjwa haingojake. Vaa viatu."

Tulipanda basi bila kusema. Dada alikuja nasi. Kwenye mapokezi dada aliwaambia, kwa fahari, kwamba huyu baba ni daktari wa wanyama, na yule mfanyakazi akaandika. Kisha dada akaenda kazini kwake, tukabaki wawili kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimenuna. Ndipo Papa Véto, akitazama sakafu, akanisimulia jambo ambalo sikuwa nimemwomba anisimulie.

Huko alikochanja mbwa palikuwa na mkubwa mmoja wa serikali aliyekuwa na mbwa mzuri wa kizungu. Siku ya chanjo mbwa hakuletwa. Aliletwa askari, na ujumbe kwamba mbwa wa mkubwa hapangwi mstari na mbwa wa wakulima, karatasi iandikwe tu. Papa Véto aliandika kwamba mbwa amechanjwa, akapiga muhuri, akatia sahihi. Baada ya wiki chache mbwa yule alimng'ata msichana mdogo kisigino, mtoto wa mwanamke aliyeuza mihogo sokoni. Mama alimleta kwake mtoto mgongoni, akauliza kama ampeleke hospitali mjini, safari ya siku nzima. Karatasi ilikuwa mezani pale. Kusema mbwa hakuchanjwa ilikuwa kusema kwamba yeye amedanganya na mkubwa amemdanganyisha. Akamwambia mama kwamba mbwa yule ana chanjo, aoshe kidonda arudi nyumbani.

"Nilimuambia rudi," alisema. "Na yeye alinishukuru."

Juu ya mwisho wa yule mtoto alisema kitu kimoja tu: kwamba aliomba maji, na alipoletewa maji aliyaogopa.

Kisha walituita ndani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Mbelgiji Mflamandi, mpole. Alitazama kidonda, akasema kimeoshwa vizuri sana. Akaeleza kwamba kwa kadiri wanavyojua mbweha wa Brussels hawana kichaa, ugonjwa uko mbali kusini, na sindano zake ni nyingi na zina taabu zake. Kisha akamgeukia Papa Véto kwa heshima. Alisema: wewe ni mtu wa fani, umemwona mnyama. Ukiniambia alikuwa mzima, nitafunga bandeji na mtakwenda nyumbani.

Nami nilitaka kwenda nyumbani. Nitalikiri hilo. Nilikuwa nimetoka kusikia habari ya yule mtoto, na bado nilimvuta Papa Véto shati nikamnong'oneza: "Papa, sema iko muzima. Turudi."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefungwa ngumi. Kisha akasema kwa Kifaransa, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali:

"Daktari, mimi si vétérinaire. Nilikuwa mchanjaji wa mbwa. Nilipofika nchi hii mtu alinijazia fomu akaandika vile, watu wakaniita vile, nikanyamaza. Yule mnyama nilimwona mgongo tu, akikimbia. Siwezi kukuambia ni mzima."

Daktari alimtazama, akanitazama mimi. Akatoka kwenda kupiga simu. Aliporudi alisema wataanza sindano leo, na kwamba pengine sizihitaji. Papa Véto alimwambia merci, hilo "pengine" linamtosha. Ikaletwa fomu, na mahali pa aliyenisindikiza palihitaji jina na sahihi. Aliomba kalamu. Chini ya neno la kazi aliandika concierge. Ilimchukua muda kutia sahihi, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea.

Zilikuwa sindano tano katika muda wa mwezi mmoja, na alinisindikiza zote tano. Ya nne ilinitia homa, naye alikaa mlangoni kwetu na gazeti mpaka dada akarudi. Hospitali haikumwandikia mtu yeyote kunihusu. Jibu langu lilikuja baada ya mwaka, kwa njia zake, na lilikuwa jema.

Jike wa mkia mfupi alihamisha watoto wake siku mbili baada ya kisa kile, kwa sababu palikuwa na makelele mengi, na ugomvi wa sumu ukafa wenyewe. Papa Véto aliziba chini ya kibanda kwa mawe na waya. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtaka alifanye. Alipita mlango kwa mlango, kama siku ya unga, akawaambia wapangaji kwamba yeye si daktari wa wanyama na hakuwa kamwe. Jumapili aliwaambia wanakwaya. Mstaafu wa ghorofa ya tatu alisema alijua siku zote. Mwanakwaya mmoja aliacha kumsalimia, akasema ametudhalilisha mbele ya Wazungu. Madame wa chini alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama basi paka wake nani alimponya. Akajibu kwamba paka alipona mwenyewe. Madame akamwambia aingie anywe kahawa.

Jina halikubadilika. Kila aliyemwita Papa Véto alisahihishwa, na kila aliyesahihishwa alirudia kesho yake. Mwishowe alichoka kusahihisha. Lakini nilivyomwona, uchovu huu haukuwa ule wa mwanzo, wa mtu anayeficha. Ilikuwa namna nyingine ya kuchoka.

Mimi niliolewa, nikahamia Etterbeek, nikasomea kazi ya kutunza wazee. Nilipata watoto wawili. Ganshoren ikawa mbali, kama mahali pa mji mmoja panavyoweza kuwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikwenda Koekelberg kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki, na baadaye, nikielekea kituo cha metro, nilipita kwenye bustani iliyo chini ya Basilika. Alikuwa amekaa kwenye benchi, na koti lililokuwa limemkaa vizuri zamani sasa lilimzidi mabegani. Alikuwa amestaafu, anaishi na mwanawe karibu pale. Alifurahi kuniona, akauliza habari za dada na za kazi. Nikakaa. Tulitazama watu wakipita na mikokoteni ya watoto.

Aliniambia kwamba alikuwa ameandika barua. Aliisema hivyo tu, kama kila mtu huandika barua. Kulikuwa na mtawa aliyekuwa anarudi Kivu kupitia Kigali, kwa kuwa njia nyingine zilikuwa zimefungwa na vita. Alimwandikia mama wa yule mtoto. Aliandika jinsi ilivyokuwa: askari, karatasi, muhuri, na kwamba alijua alipomwambia arudi nyumbani. Hakuomba kitu. Jibu lilichukua karibu mwaka mzima, na lilipofika halikutoka kwa yule mama. Alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla. Alijibu kaka wa yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima.

Nilimuuliza aliandika nini.

"Maneno kidogo. Anasema: papa, barua tuliisoma. Mama alikuwa anajua. Ule askari alimuambia, wiki ile ile mutoto alikufa."

Kisha akaniambia kwamba baada ya msiba ule alikaa pale kazini miaka mingine sita. Kila siku ya soko ilibidi apite mbele ya meza ya mihogo, hapakuwa na njia nyingine. Alikuwa akipita ameinamisha kichwa, akiamini kwamba mama yule hajui. Na kila siku ya soko mama yule ndiye aliyeanza kumsalimia.

"Alikuwa anasimama," alisema. "Anaacha bintu yake, anasimama. Ananiulizaka: batoto bako je?"

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilisemaka: bako muzuri. Na ye anasema: Mungu abachunge. Halafu anakaa. Miaka sita, na alikuwa anajua."

Aligeuka akanitazama, nikadhani ataniuliza ile salamu ilikuwa ya namna gani. Katika kazi yangu watu wanaokaribia mwisho huniuliza mambo mazito, nami nimejifunza majibu machache. Lakini hili hakuniuliza. Mtoto alipita na baiskeli ndogo akaanguka, akainuka mwenyewe. Mwanawe Papa Véto akaja kumchukua, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kuwa mkali.

Aliinuka kwa taabu, akashika bega la mwanawe. Tuliagana. Alikuwa ameshapiga hatua chache aliposimama, akamwachia mwanawe, akageuka akanitazama vizuri.

"Na batoto bako je?" aliniuliza.

Niliinuka kutoka kwenye benchi.

"Bako muzuri, papa."

"Mungu abachunge," alisema, akaenda.